Naomba ushauri: vituo vya mabasi yaendayo haraka viachane mita 400 au 800?

Wakuu, naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa kupanga njia za mabasi yaendayo haraka. Njia ni ya kilomita 12, yenye barabara yake pekee.

Vituo vikiachana mita 400 vinakuwa 31. Vikiachana mita 800 ni 16. Kila kituo kinakula kama sekunde 40 ukijumlisha kufunga breki, kushusha, kupakia na kuondoka. Vikipungua 15, basi linaokoa dakika 10 kila upande, 20 kwa mzunguko. Likipita basi kila dakika 5, hayo ni mabasi 4 ambayo hayahitajiki tena, pamoja na madereva wake. Si kidogo!

Ila anayeishi katikati ya vituo viwili atatembea mita 400 badala ya 200. Kijana hatajali. Mzee, au mama mwenye mtoto mgongoni, juani na hakuna njia ya waenda kwa miguu, ataishia kupanda pikipiki.

Kuna na suala la ujenzi. Curitiba, Brazili, ilianza njia zake mwaka 1974 na kuruhusu maghorofa marefu kando yake, hivyo abiria wengi wakawa karibu na basi. Vituo vichache hukusanya maduka na nyumba pamoja, lakini kodi hapo hupanda na wenye kipato kidogo husukumwa mbali na usafiri wanaouhitaji kuliko wote.

Je, tuweke 800 kote, au tubane hadi 400 penye soko na hospitali? Na kanuni za ujenzi zipitishwe kabla ya vituo kutangazwa, madalali wasitangulie?