Skani imeonyesha moyo wa mtoto una shida. Nikubali sindano ya tumbo?

NyarKisumo: Habari zenu. Niko Kisumu, mimba ya wiki 22. Skani imeonyesha mtoto ana shida ya moyo. Daktari anataka nitolewe maji ya uzazi kwa sindano, wapime kromosomu, zile zinazobeba urithi. Nasikia sindano hiyo hutoa mimba. Mliopitia, niambieni. Usingizi umenihama.

MamaMapacha: Pole dada. Wangu walizaliwa kabla ya wakati hapa Nakuru, nikalia hadi macho yakavimba. Leo wanavunja vikombe. Omba Mungu, achana na vipimo.

DerevaKondele: Vipimo ni kula pesa ya watu tu.

SistaWaLeba: Mimi ni muuguzi. Ripoti imeandika nini hasa?

NyarKisumo: Ukuta wa katikati haujafunga, na badala ya vali mbili, yaani milango ya damu, kuna moja kubwa.

SistaWaLeba: Kasoro hiyo huandamana sana na trisomi 21, yaani Down, mtoto akiwa na kromosomu ya 21 tatu badala ya mbili. Ingekuwa kwenye mishipa mikubwa inayotoka moyoni, ningewaza pia kipande kilichokatika cha kromosomu ya 22, ambacho kuhesabu kromosomu tu hakukionyeshi. Sindano kwa mkono uliozoea hutoa mimba chini ya 1 kati ya 100. Lakini dada, hukupimwa damu kwanza?

NyarKisumo: Nilipimwa. Uwezekano wa 21 ni mkubwa. Sikusema kwa sababu mzee wangu hajui. Daktari nishamkatalia, na mama kule Ugenya ashaniandalia chumba, nitazalia zahanati ya huko. Sindano haitamponya mtoto, sasa ni ya nini?

BabaBondo: Mwanangu, mtoto ni wenu wawili. Mwambie mumeo leo.

JichoKali: Ngojeni. Akaunti ni ya leo, na kila akiulizwa anaongeza kipande. Hii imetungwa. Mmesahau yule mjane wa Ahero?

DerevaKondele: Yule alinila mia tano!

MamaMapacha: Huyu ameomba pesa wapi?

NyarKisumo: Sijaomba hata shilingi. Mambo kama haya nani huyamwaga yote mara moja?

SistaWaLeba: Hata ikiwa imetungwa, yuko mama anayesoma hapa na tumbo lake. Kipimo cha damu huchuja tu, hakithibitishi. Kukataa sindano ni haki yako, mtoto atapimwa akizaliwa. Ninachokataa ni zahanati. Zalia penye daktari wa watoto na mashine ya kupima moyo. Tundu hilo hufungwa kwa upasuaji, mara nyingi kabla ya miezi 6, maana ukichelewa mapafu huharibika. Tenwek kule Bomet hupasua mioyo ya watoto. Anza kuulizia sasa.

NyarKisumo: Damu yangu ni O hasi. Hilo nalo lina shida?

SistaWaLeba: Lingeanza hilo! Mwambie daktari kesho. Ukikubali sindano ya tumbo, uchomwe anti-D, dawa ya kuzuia mwili wako usishambulie damu ya mtoto aliye chanya. Hata usipokubali, huchomwa karibu wiki 28, na tena ndani ya saa 72 baada ya kuzaa mtoto akiwa chanya. Uliza mapema kama zahanati ya Ugenya wanayo.