Naomba ushauri: nipimeje maisha ya mgonjwa asiyesikia vizuri?

Habari zenu wakuu, na shikamooni wakubwa. Nafanya kazi kliniki ya masikio. Juzi nilimpima bibi mmoja, sikio lake lenye nafuu likatoka desibeli 45, yaani sauti iliyo chini ya hapo haisikii. Kwenye faili tukaandika "wastani", yaani tatizo la kusikia la kiwango cha kati, basi. Kumbe nyumbani, binti yake ananiambia, mama hakai tena barazani na wenzake. Wakicheka naye anacheka, hajui kilichosemwa. Hilo kwenye grafu ya kipimo halionekani, na limeniuma.

Nimeanza kutumia dodoso la HHIE, linalomuuliza mzee jinsi kutosikia kunavyomwathiri maishani, lile fupi la maswali 10: ndiyo alama 4, mara nyingine 2, hapana 0. Swali la kama anapata shida ya kusikia akiwa mgahawani na ndugu au marafiki ndilo linanikwamisha, maana wazee wangu hawali migahawani. Nikiweka "msibani" au "kikao cha ukoo", alama bado zitalinganishika na za kwingine? Na asiyejua kusoma, nimsomee kwa kupaza sauti watu wakisikia, wakati maswali yenyewe yanagusa aibu yake? Mwanawe akijibu kwa niaba yake, si ndiyo nimempima mwana?

Aliyewahi kulitumia kwa Kiswahili naomba anieleze alifanyaje. Wiki ijayo bibi anarudi kuchukua kifaa cha kusikia, nataka nimuulize kabla na baada.