Hilux ya marehemu baba imeandikwa dizeli lakini inakunywa petroli, plagi zake ziko wapi?

KijanaWaKoboko

Wandugu habari zenu. Nina Hilux dabo kabini aliyotuachia marehemu baba, tunabebea muhogo mkavu na simsim kutoka Koboko kwenda Arua na siku zingine mpaka Nebbi, sasa toka Jumapili imeanza kukohoa, nikikanyaga mafuta inatetemeka mpaka kioo cha pembeni kinacheza, mlimani haivuti kabisa na kwenye ekzosi inatoka harufu ya petroli mbichi. Kila mtu ananiambia ni plagi hizo, zile za kupiga cheche, badilisha plagi. Sawa, nikanunua spana ya plagi, nikafungua boneti, plagi zenyewe sizioni! Mimi nimezoea ile pikapu ya zamani ya mjomba, plagi nne zimejipanga ubavuni unaziona hata ukiwa umesimama. Hii yangu upande mmoja ni mabomba ya hewa, upande wa pili ni ekzosi, basi.

Kinachonichanganya zaidi, logbuku imeandikwa dizeli, kibati cha kwenye boneti kimeandikwa LN166, na ukifungua kile kimlango cha kuwekea mafuta kuna stika ya DIESEL ya kiwandani kabisa. Lakini baba miaka yote alikuwa anaweka petroli, mimi pia naweka petroli na gari inatembea. Jana alikuja fundi mmoja wa hapa mjini akasoma kibati akasema hii ni dizeli, haina plagi, ina hita plagi, zile za kupasha injini moto, toa hela nikanunue nne. Nikamuuliza mbona inakunywa petroli akakasirika akaondoka. Nisaidieni jamani, hii gari ndo inalisha nyumba, ni injini gani hii na plagi zake ziko wapi?

Boda2Boda

LN166 ni injini ya 3L, dizeli ya lita 2.8. Hakuna plagi hapo, fundi alikuwa sawa.

MzeeSpana_Gulu

Boda2Boda, kibati kinasema gari ilizaliwa na nini, hakisemi leo imebeba nini. Tuliza moyo kidogo.

Kijana wangu, pole na msiba, afu pole na gari. Herufi za mwanzo kwenye kibati cha Toyota zinataja familia ya injini, ile N inayofuata ndo ukoo wa Hilux. LN ni injini za L, yaani 2L, 3L, 5L, zote dizeli. YN ni zile za Y kama 3Y na 4Y, petroli. RN ni R kama 22R, petroli. RZN ni RZ, petroli pia. KZN na KUN ni dizeli za baadae, TGN ni petroli ya TR. Kwaiyo kiwandani yako ilitoka na dizeli, hilo halina ubishi. Lakini ingekuwa bado ni 3L na mnaijaza petroli ingeshakufa zamani, maana dizeli yenyewe ndo inalainisha ile pampu, petroli inaikausha mpaka inakwaruzana. Gari inayotembea na petroli miaka yote ina injini ya petroli, aliyeibadilisha ni nani hilo utauliza nyumbani.

Sasa usisome karatasi, soma chuma. Fungua boneti uniambie vitu vitatu. Kwanza, unaona mabomba manne ya chuma membamba kama penseli yanatoka kwenye pampu yanaingia kwenye hedi? Hiyo ndo alama ya dizeli. Pili, kuna waya nene za mpira, zinatoka wapi na zinaishia wapi? Zifuate kwa kidole mpaka mwisho, waya ya plagi haiwezi kukudanganya. Tatu, chukua tambara na petroli kidogo injini ikiwa imepoa kabisa, sugua ubavuni mwa bloku utafute sehemu bapa iliyogongwa herufi na namba, sio za kuchomoza za kiwandani, zile zilizochimbiwa ndani. Andika hapa herufi za mwanzo tu, namba yenyewe yote usiiweke mtandaoni.

KijanaWaKoboko

Mzee asante sana. Nimesugua nusu saa grisi na vumbi vimeshikana kama lami. Imetokea 3RZ. Mabomba ya penseli hakuna. Waya nene zipo, nilikuwa naziona nikadhani ni za taa au sijui nini, zinaingia JUU katikati ya kile kifuniko kirefu cha injini, kila moja ina kofia ya mpira imezama kwenye shimo. Ndo zenyewe??

MzeeSpana_Gulu

Ndo zenyewe mwanangu! Hiyo ni 3RZ-FE, petroli, silinda nne, vali 16, sisi (cc) 2693. Hiyo hiyo iliwekwa kwenye Prado za RZJ95 na kwenye Hilux za RZN169, kwaiyo ni ndugu wa gari yako, imehamia tu kitanda cha kaka yake. Ina dada yake 2RZ-FE ya sisi 2438, kwa juu wanafanana, ndo maana nikakwambia usugue bloku.

Ulikuwa unatafuta ubavuni kwa sababu ya gari ya mjomba. Injini za zamani kama 4Y plagi zinaingia kwa pembeni. Hii ina kamshafti mbili juu na plagi imesimama wima katikati yao, inakaa chini kabisa ya shimo refu linalopita kwenye tapeti kava, yaani kile kifuniko kirefu cha juu, ukichungulia bila tochi unaona giza tupu. Hata spana yako nina wasiwasi nayo, zile za zamani zinachukua soketi ya 21, hii inachukua ya 16, na lazima iwe ile ndefu yenye mpira ndani wa kushika plagi uweze kuivuta juu, pamoja na ekstensheni.

Fanya hivi. Injini iwe baridi, na nasisitiza baridi, hedi ni alminiamu na ukifungua plagi ya moto unaweza kutoka na nyuzi za hedi pamoja nayo, hapo umeingia kwenye gharama nyingine. Waya zitie alama kabla ya kugusa, namba moja iko mbele upande wa rejeta, unaenda mpaka nne nyuma, mfuatano wa kuwaka ni 1-3-4-2 na ukichanganya waya gari haitawaka au itapiga mateke. Toa moja, maliza kazi yake, rudisha, ndo uende nyingine. Shika kofia kwa chini uizungushe kidogo ndo uvute, usivute waya yenyewe. Na kabla soketi haijaingia chungulia na tochi, kama kuna mchanga au kijiwe kitoe kwanza, nenda kwa wale wa kuziba tairi wakupulizie na kompresa. Kijiwe kikidondokea ndani ya silinda plagi ikiwa imetoka, injini hiyo umeiua kwa mkono wako.

Usichomoe waya injini ikiwa inanguruma kupima silinda ipi imekufa, najua mafundi wengi wanafanya hivo, unaweza kupigwa shoti na kuunguza koili. Na swali moja la mwisho, kabla ya kuanza kukohoa uliipeleka kuoshwa?

KijanaWaKoboko

Eeh! Jumamosi jioni, walipiga injini na ile mashine ya maji ya nguvu mpaka ikang'aa. Mzee umejuaje?

MzeeSpana_Gulu

Basi tochi yako itakuonyesha. Nenda kachungulie usinunue kitu bado.

DadaSpea_Kisekka

Kaka wa Koboko, mimi nauza spea hapa soko la Kisekka, Kampala, naomba nikuongezee kidogo. Siku ukija kununua usiniambie "nipe plagi za Hilux", maana nitakuuliza Hilux gani, na ukinionyesha logbuku ya LN166 nitakupa hita plagi kwa roho safi kabisa na utapanda basi nazo mpaka Koboko bure. Beba plagi moja ya zamani mkononi, imeandikwa namba kwenye ile kauri nyeupe, hiyo ndo nitakupa. Fundi akishaweka isiyofaa huko nyuma hata ya zamani inaweza kukupoteza, kwaiyo taja na 3RZ, vyote viwili vikubaliane.

Na feki zipo nyingi sokoni, nasema hivi nikiwa ndani ya biashara. Angalia maandishi kwenye kauri kama yanafutika kwa kucha, angalia ile ncha ya katikati kama imekaa katikati kweli, zungusha ile washa, pete ya chuma ya chini, kama inadondoka yenyewe. Zikiwa nne ndani ya boksi mbili na hazifanani, ssebo rudisha usione haya.

Nyingine, ukifunga plagi mpya anza na vidole tu, chukua kipande cha bomba la mpira chomeka kwenye kichwa cha plagi uizungushe nacho ndani ya lile shimo, ikigoma mpira unateleza wenyewe na hujaharibu nyuzi. Ikifika mwisho wa vidole ongeza na spana nusu mzunguko hivi mpaka washa ibanwe, usiininginie kama unafunga nati za tairi.

KijanaWaKoboko

Wandugu nimerudi, mikono bado inanuka petroli lakini nina furaha.

Shimo la kwanza kavu, la nne kavu. La pili na la tatu MAJI. Namba tatu ilikuwa imejaa mpaka kofia ya waya ilitoka ikilia kama unachomoa kizibo. Nikanunua sirinji duka la dawa nikaichomeka kibomba cha mpira, nikanyonya maji ya rangi ya kutu, sirinji tano kutoka namba tatu peke yake. Afu nikamalizia kwa jamaa wa tairi akapuliza na kompresa. Plagi mbili kavu zina rangi ya kahawia kama biskuti, za kwenye maji zimelowa petroli na ya tatu imeota kutu shingoni. Ile mipira ya juu ya kofia imekauka na kupasuka, ndo maji yalipita hapo.

Nimerudisha zile zile baada ya kuzikausha, nimewasha, imetetemeka kidogo afu ikatulia, sasa hivi nasikia mpaka kuku wa jirani injini ikiwa inanguruma. Plagi nne mpya na waya seti nzima naagiza kwa dada wiki hii, mzigo ukishafika Arua.

Na nimemuuliza mama. Kumbe ile dizeli hedi yake ilipasuka baada ya rejeta kuvuja maji yote njiani, mimi nilikuwa bodingi, baba akauza ng'ombe wawili akanunua injini hii Kampala, hakutuambia sisi watoto tusije tukawaza ada. Risiti mama anayo, imekunjwa ndani ya Biblia, na imeandikwa 3RZ kwa mkono wa muuzaji.

MzeeSpana_Gulu

Baba yako alichagua injini nzuri, Mungu amrehemu. Mwambie mama aitunze hiyo risiti, nenda nayo mkabadilishe logbuku isomeke petroli na namba ya injini iliyopo, trafiki akiamua kufungua boneti leo huna la kujibu. Waya ukinunua hakikisha zina ile mipira ya juu, na siku ya kuosha gari waambie juu ya injini wapanguse na tambara tu.

Tapeti kava siku ikifunguliwa badilisha na ile mipira inayozunguka mashimo ya plagi, ikichoka itakuletea oili pale pale yalipokuwa maji.

Na leo kabla hujalala kabandue ile stika ya DIESEL kwenye kimlango cha tenki. Siku utamtuma mtu mwingine kwenye kituo, yule wa pampu atasoma stika na atajaza dizeli tenki zima, na kosa halitakuwa lake.

KijanaWaKoboko

Nimeibandua mzee, imetoka na kisu na mafuta ya taa. Nimeandika PETROLI kwa rangi nyeupe, herufi kubwa.