Gari la Shosho na mita 402

Kikundi: Kiamunyi, Nyumba na Majirani

*Jumatano*

[19:02] Baba Shiru: Hamjambo nyumba nzima. Gari letu la Noah limeuzwa leo na pesa zimeingia. Kabla sijazigusa naomba tushauriane. Nataka gari moja tu. Siku za kazi limpeleke Shiru shule na bibi yake Shosho kliniki, halafu mara tatu au nne kwa mwaka niende nalo kwenye mbio za dragi. Hamu hii ninayo tangu nikiwa darasa la sita, mnanijua.

[19:04] Mama Shiru: Mimi na yeye tumeshazungumza, nimekubali. Ila Shosho aingie bila kuinuliwa na mtu, kiti cha mtoto kikae imara, na asikimbizane na mtu yeyote kwenye barabara ya watu. Barabara ya Salgaa imemeza wengi wa kutosha.

[19:05] Shangazi Kisumu: Hongera kwa kuuza. Dragi ndiyo ile ya kuzunguka uwanja?

[19:07] Baba Shiru: Hapana Shangazi. Ni mstari ulionyooka, robo maili, yaani mita 402. Magari mawili ubavu kwa ubavu, taa za njano zinawaka, ikija ya kijani mnaondoka. Kila gari lina saa yake, na saa hiyo huanza gari linapotoka kwenye mwale wa mwanga pale mwanzoni. Kwa hiyo unaweza kuwa na muda mzuri kuliko mwenzako na bado ukashindwa, kwa sababu ulilala kwenye taa.

[19:08] Shangazi Kisumu: Sasa nimeelewa. Na mwisho wa hapo kuna nafasi ya kusimama?

[19:08] Baba Shiru: Lazima iwepo, ndefu kuliko ya kukimbilia.

[19:11] Jirani Geti Jeusi: Chukua Toyota Mark X. Viti kama sofa, injini ya silinda sita (V6), magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Langu la lita 2.5 nalitumia mwaka wa tano, nimelala ndani yake nikingoja ndugu hospitalini na mgongo haukuniuma. Ukipata lile la 3.5 ndiyo kabisa, hilo lilitoka Japani na nguvu farasi 318.

[19:15] Brayo Eldoret: Baba Shiru, Passat yenye turbo. Unaibadilisha kompyuta ya injini tu, hufungui hata nati moja, na nguvu inaongezeka kwa jioni moja. Ndani kimya kama benki.

[19:31] Mjomba Fundi: Nimetoka gereji sasa hivi, nimesoma yote. Nisikilizeni kidogo, hili jambo liko karibu na roho yangu.

[19:36] Mjomba Fundi: Kwanza mjue tunaishi wapi. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari. Hewa ya hapa ina kama asilimia 80 tu ya msukumo wa hewa ya Mombasa. Injini isiyo na turbo, ile feni ya kusukumia hewa zaidi ndani, inavuta ile iliyopo, basi. Zile 318 za Mark X zilipimwa kwenye hewa nzito. Hapa kwetu toa karibu moja ya sita, na hakuna egzosti ya kuzirudisha. Turbo inaweza kufidia sehemu kubwa kwa kuzunguka kwa kasi zaidi, ila joto nalo linapanda. Kwa mtu wa Nakuru anayetaka kasi, mimi naanzia kwenye turbo.

[19:38] Jirani Geti Jeusi: Hilo sikuwa nimelifikiria. Ndiyo maana nikishuka Mombasa naliona limechangamka.

[19:38] Mjomba Fundi: Ndiyo sababu yenyewe. Na gari lako ni zuri, sijalitukana.

[19:42] Mjomba Fundi: Brayo, Passat nayo naiheshimu. Lakini zile tunazoziona sana hapa zinavutwa na magurudumu ya mbele. Gari likichomoka, pua inainuka na uzito unahamia nyuma. Yale magurudumu yanayofanya kazi ndiyo yanayoachwa mepesi, yanabaki kusugua lami. Mita 18 za kwanza zikiharibika, huzipati tena huko mbele. Kwenye mita 402 pale mwanzo ndipo mbio zinapoamuliwa.

[19:44] Brayo Eldoret: Kwa hiyo unampeleka kwenye Subaru.

[19:49] Mjomba Fundi: Ndiyo. Legacy ya wagoni, 2.0 GT, zile za 2003 hadi 2009. Turbo kutoka kiwandani, magurudumu yote 4 yanasukuma, buti linameza kiti cha magurudumu na mikoba ya Shiru. Achukue otomatiki ya gia 5. Ile ya gia ya mkono ina nguvu 280 na otomatiki ina 260, najua ataniuliza. Lakini giaboksi ya mkono ya gia 5 za Subaru haipendi kuchomolewa kwa nguvu magurudumu yote yakiwa yameshika. Meno yanang'oka. Na Mama Shiru naye ataendesha kwenye foleni ya mjini, mguu wake nao ni mguu.

[19:50] Mama Shiru: Asante Mjomba kwa kunikumbuka.

[19:53] Baba Shiru: Mjomba, moyo wangu ulikuwa kwenye Legacy tangu mwanzo, sikutaka tu kuwatangulia. Je, nisingoje moja itoke Japani?

[19:55] Mjomba Fundi: Haliingii. Sheria yetu ya kuingiza magari ni miaka 8, na hayo yameshapita zamani. Utanunua ya hapa hapa, iliyopitia mikono ya watu. Kwa hiyo usiniletee picha za rangi na rimu. Niletee injini.

[19:56] Baba Shiru: Kuna moja Lanet, nyeusi. Mwenyewe anasema haijaguswa.

[20:10] Mjomba Fundi: Tutaiona Jumamosi. Sasa niwaambie kwa nini nina ukali huu. Forester yangu ile ya kijani mnaikumbuka. Kabla sijajifunza haya ya turbo nilimpa fundi mmoja aniongezee presha. Aliongeza mchana mmoja, akanirudishia funguo. Hakupima mafuta. Turbo ikawa inasukuma hewa nyingi na pampu ya petroli haifikishi, mchanganyiko ukawa mkavu, petroli ikawa inalipuka kabla ya wakati wake. Unasikia sauti ndogo kama kokoto kwenye mkebe. Nilidhani ni ngao ya egzosti imelegea. Nikaendesha hivyo wiki mbili. Pale Mbaruk, saa mbili usiku, watoto wangu watatu ndani, moshi mweupe ukafunika kioo cha nyuma. Tulipofungua tulikuta pistoni imevunjika ukingo unaoshika ringi. Kipande kilikuwa kama ukucha. Bado ninacho kwenye droo ya spana.

[20:11] Shangazi Kisumu: Nakumbuka usiku ule. Ulinipigia ukiwa kando ya barabara na mtoto analia.

[20:12] Mjomba Fundi: Ndiyo huo.

[20:19] Mjomba Fundi: Kwa hiyo Baba Shiru, mwaka wa kwanza pesa zako haziendi kwenye nguvu. Breki mpya zote, diski na pedi, na mafuta ya breki. Rejeta na mipira yake. Tairi nne nzuri za inchi 17 zenye ubavu mnene, kwa sababu ubavu huo ndio unaokunywa mashimo ya Kiamunyi na ndio unaoshika lami ukichomoka. Rimu kubwa zenye tairi kama karatasi zitamuumiza Shosho nyonga na hazitakupa chochote. Springi usizikate hata kidogo. Oili pima kila unapojaza petroli. Na kuna bolti moja yenye tundu inayopeleka oili kwenye turbo, ndani yake mna kichujio kidogo kama kizibo cha kalamu. Kikiziba turbo inakufa kwa kiu, na chanzo cha uchafu ule ni oili iliyopitishwa muda. Hicho nitakitazama mwenyewe.

[20:21] Baba Shiru: Na nguvu yenyewe?

[20:24] Mjomba Fundi: Mwaka wa pili. Egzosti pana ila iwe na saileensa ya maana, pampu ya petroli, kisha gari lifungwe kwenye daino, ile mashine ya kupima nguvu ya gari, na mtu anayesoma mchanganyiko wa hewa na petroli huku anarekebisha kompyuta. Atyuni kwa petroli utakayoweza kupata kila wiki hapa Nakuru. Na bima waambiwe kwa maandishi kilichobadilishwa, wasije wakakukana siku ya shida.

[20:26] Brayo Eldoret: Siku ya mbio toa gurudumu la spea, jeki, kiti cha Shiru na kiti cha nyuma. Sisi tunahesabu kilo 45 ni kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Jioni unarudisha kila kitu mahali pake.

[20:27] Mama Shiru: Na helmeti anunue mpya, asiazime.

[20:27] Baba Shiru: Nitanunua mpya.

[20:40] Shosho: (ujumbe wa sauti, Mama Shiru anaandika) "Watoto wangu, nawasikia. Baba yenu alikuwa anapenda magari ya mbio za Safari, tulisimama kwenye vumbi la Elementaita mchana kutwa kuyangoja. Kwa hiyo siwakatazi. Ila mimi nitakwenda Lanet nikae kwenye hicho kiti kabla hamjalipa."

*Jumamosi*

[11:18] Baba Shiru: Tuko Lanet. Ni zuri jamani. Ndani halijachanika popote. Shosho ameingia nyuma mara mbili bila kushikwa. Anasema mlango unafunguka mpaka mwisho na kiti hakiko chini sana.

[11:20] Mama Shiru: Kiti cha Shiru je?

[11:21] Baba Shiru: Kimebana, hakitikisiki hata nikikivuta kwa mikono miwili.

[11:22] Jirani Geti Jeusi: Lipia hilo gari!

[11:23] Mjomba Fundi: Ngojeni. Injini imeshapata moto, ndiyo naingiza geji ya kupima kompresheni, yaani msukumo ndani ya kila silinda. Plagi za Subaru ziko ubavuni, betri lazima itoke kwanza ndipo mkono upite.

[12:04] Mjomba Fundi: Kompresheni ya kila silinda kwa psi, mguu umekanyaga petroli mpaka chini, betri imejaa:
1: 128
2: 126
3: 127
4: 92

[12:05] Brayo Eldoret: Mbona zote ziko chini? Kitabu kinasema zaidi ya 140.

[12:07] Mjomba Fundi: Kitabu kiliandikwa kwa hewa ya pwani. Kwa Nakuru hizo 126, 127 na 128 ni afya kabisa. Msiziogope. Ogopeni 92. Nimetia oili kidogo ndani ya silinda nikarudia, ikapanda hadi 115. Ikipanda kwa oili maana yake ni ringi au pistoni, si vali. Ni silinda ile ile ya 4 iliyonivunjikia Mbaruk.

[12:08] Shangazi Kisumu: Mungu wangu.

[12:15] Baba Shiru: Mwenyewe ameshuka bei kwa laki moja. Mjomba, injini si inafunguliwa tu?

[12:17] Mjomba Fundi: Inafunguliwa. Na hiyo laki haifiki hata nusu ya kazi ukihesabu pistoni, gaskiti na kuchonga hedi. Utaanza mwaka wa kwanza bila breki na bila tairi. Ungekuwa peke yako ningekuachia uamue. Lakini huyu aliyekaa kiti cha nyuma ni dada yangu.

[12:29] Baba Shiru: Nimemrudishia funguo. Nimemshukuru, hakuwa mtu mbaya, naona hata yeye hakujua. Nimeumia, siwafichi.

[12:31] Mama Shiru: Pole baba. Njoo nyumbani, chakula kiko tayari. Pesa zetu bado tunazo.

[12:33] Shangazi Kisumu: Huku Milimani kuna daktari anauza Legacy ya wagoni, ya fedha, otomatiki. Ana faili la risiti za sevisi zote. Nikuombee namba?

[12:34] Mjomba Fundi: Omba. Na umuulize kama atakubali nije na geji.

[12:52] Shangazi Kisumu: Amesema njoo Jumanne, na betri ataiondoa yeye mwenyewe ukimwonyesha.

[12:55] Shosho: (sauti, Mama Shiru anaandika) "Mlango uwe kama wa hili. Na zile namba nne zikaribiane."