Mjadala: The Godfather inautukuza uhalifu au inaulaani?

Mleta mada

Filamu ya The Godfather, inayosimulia familia ya wahalifu ya Corleone huko New York, iliyoongozwa na Francis Ford Coppola kutokana na riwaya ya Mario Puzo ya mwaka 1969, ilitoka mwezi Machi 1972, na hadi leo wapo watu wanaoirudia kila mwaka kama wanaokwenda kuzuru kaburi la babu. Rafiki yangu mmoja anadai kwamba filamu hii ni uovu uliopambwa kwa kiza kizuri na muziki wa Nino Rota, na kwamba sisi tunaoisifu tumefundishwa kuwapenda wauaji bila kujitambua. Tumebishana hadi tumechoka, ndiyo maana nimeileta hoja hii mbele yenu.

Msimamo wangu ni kwamba filamu inaulaani uhalifu, ila kabla ya kuulaani inatufanya kwanza tuutamani, na mvuto wake wote umo katika hatua hiyo ya kwanza. Kumbukeni kwamba sauti tunayoanza kuisikia si ya jambazi. Ni ya Bonasera, mhamiaji wa Kiitalia ambaye kazi yake jijini New York ni kuandaa maiti kwa mazishi, na tamko lake la kwanza ni kwamba anaiamini Marekani. Vijana wawili wamempiga binti yake hadi kumvunja taya kwa sababu alilinda heshima yake. Baba amekwenda polisi kama raia mwema, hakimu amewapa vijana wale kifungo cha miaka 3 na papo hapo akakisimamisha, nao wametoka mahakamani siku hiyo hiyo wakimtabasamia. Mtu yeyote aliyewahi kurudi nyumbani kutoka ofisi ya umma akiwa na haki yake mkononi na asiwe na wa kumsikiliza anajua kwa nini mzee huyu ameishia katika chumba kile chenye giza. Hatuvutwi na bunduki hata kidogo. Tunavutwa na mlango wa kubisha, na nyuma ya mlango huo kuna mtu ambaye, kwa mila ya Kisisilia, hawezi kumnyima mtu ombi siku ya harusi ya binti yake.

Sasa itazameni bei. Don Vito Corleone, yule mkuu wa genge aliye nyuma ya mlango, hataki fedha. Hata kuulizwa atalipwa kiasi gani kunamuudhi. Anataka abusiwe mkono, aitwe baba wa ubatizo, yaani Godfather, na akumbukwe siku atakapohitaji kutendewa wema. Siku hiyo inafika usiku mmoja, wakati mwanawe mkubwa, Sonny, anapoletwa amechakazwa kwa risasi, na Don anamwomba Bonasera autengeneze mwili ule ili mama yake asimwone mwanawe katika hali hiyo. Mtu aliyekuja kudai kisasi cha uso wa binti yake analipa deni kwa kuutengeneza uso wa mtoto wa mwenzake. Sijui laana gani iliyo kali kuliko hiyo.

Michael, mwana mdogo wa Vito aliyerudi kutoka vitani na nishani kifuani, anamwambia mchumba wake Kay kwamba hayo ni mambo ya familia yake, yeye hayumo. Kufikia mwisho amesimama kanisani kama baba wa ubatizo wa mtoto wa dada yake, anaulizwa kama anamkataa Shetani na kazi zake zote, anajibu kwamba anamkataa, na wakati huo huo watu wake wanawaua wakuu wa magenge mengine mjini. Kama huko ni kuutukuza uhalifu, basi sielewi maana ya kulaani.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, umeitetea filamu vizuri kuliko inavyojitetea yenyewe. Hebu nitajie muuza duka mmoja katika filamu ile ya kwanza ambaye tunamwona akilipishwa fedha ya ulinzi na watu wa Corleone. Huyo hayupo. Karibu wote wanaokufa ni majambazi wenzao, polisi mla rushwa na wasaliti, ndiyo maana dhamiri ya mtazamaji inabaki imelala. Katika sehemu ya pili, ya mwaka 1974, mtu anayewakamua wenye maduka ni Fanucci, naye anawekwa hapo ili kijana Vito amuue na sisi tushangilie, kisha Vito akae katika kiti kile kile akiwa sasa ni mfadhili wa wajane. Amesawiriwa kama mtoza kodi mwenye huruma.

Corleone ni mji halisi huko Sicily. Katika miaka ile ile ambayo filamu inamwonyesha Michael akijificha kisiwani na kutembea mashambani akiwa na walinzi wawili wenye bunduki, mtu aitwaye Placido Rizzotto, kiongozi wa chama cha wafanyakazi hapo Corleone, alikuwa akiwaongoza wakulima maskini kudai ardhi. Mafia, magenge ya wahalifu ya Sicily, walimuua mwezi Machi 1948 na mwili wake wakautupa katika ufa wa mlima. Mabaki yake yalitambuliwa mwaka 2012 tu, ndipo serikali ikamfanyia mazishi ya heshima. Kutoka mji huo huo alitoka Totò Riina, ambaye kundi lake lilimlipua Giovanni Falcone, hakimu aliyekuwa akipambana na Mafia, mke wake na walinzi watatu barabarani huko Capaci tarehe 23 Mei 1992, na kabla ya miezi miwili kupita likamlipua na mwenzake Paolo Borsellino. Hao ndio waliokuwa wakibishiwa mlango, mwenzangu.

Zaidi ya hayo, wahalifu wenyewe waliipenda. Salvatore Gravano, aliyekuwa msaidizi mkuu wa John Gotti, bosi wa Mafia huko New York, amewahi kueleza kwamba alitoka ukumbini kama mtu anayeelea hewani. Mimi sijawahi kusikia mwizi akiifurahia hotuba inayomlaani.

Mchangiaji wa pili

Naomba kuongeza jambo ambalo kaka zangu wawili hapo juu wamelipita. Mmezungumza kuhusu mlango wa kubisha, lakini mlango ninaoukumbuka mimi ni ule wa mwisho, unaofungwa mbele ya macho ya Kay baada ya mumewe Michael kumjibu kwa uongo, tena kwa utulivu, kwamba hakumuua shemeji yake, mume wa Connie. Na Connie, dada yake Michael, ambaye harusi yake ndiyo inayoifungua filamu, anapigwa na mumewe akiwa mjamzito. Kipigo hicho hakipewi hata nafasi ya kuwa habari yake mwenyewe, kwa sababu kimepangwa kiwe chambo cha kumtoa kaka yake Sonny nyumbani akauawe kwenye kituo cha ushuru wa barabara. Nikiona wanaume wanaisifu filamu hii kwa kuonyesha thamani ya familia, huwa nawauliza ni nani hasa anayehesabiwa ndani ya familia hiyo.

Sisemi filamu ni mbaya. Nasema mlango ule unafungwa upande wangu, na nyinyi mnaitazama mkiwa mmeketi ndani.

Mchangiaji wa tatu

Dada amesema kweli, na cha ajabu ni kwamba Puzo mwenyewe, aliyezaliwa mtaa wa kimaskini wa Hell's Kitchen mwaka 1920 na wazazi waliotoka kusini mwa Italia, alieleza kwamba kila Don alipofungua kinywa, sauti aliyoisikia yeye kichwani ilikuwa ya mama yake. Alikiri pia kwamba alipokuwa akiandika hakuwa amewahi kukutana na jambazi halisi. Kwa hiyo ule ukali uliochanganyika na upole, ule uwezo wa kuiweka nyumba pamoja katika nchi ya ugenini, ulitoka kwa mwanamke, ukavalishwa suti ya mwanamume, kisha wanawake wakafungiwa nje. Mleta mada aiongeze bei hiyo katika hesabu yake.

Nilichotaka kukieleza zaidi ni malalamiko ya Wamarekani wenye asili ya Italia, kwa sababu swali la kutukuza au kulaani uhalifu lina upande mwingine, nao ni kulikashifu kabila zima. Watu hawa waliingia Marekani kwa mamilioni kati ya mwaka 1880 na 1920, na hawakupokewa kwa maua. Huko New Orleans, tarehe 14 Machi 1891, umati wa watu ulivunja gereza na kuwaua Waitalia 11, miongoni mwao wakiwamo ambao mahakama ilikuwa imewaachia siku iliyotangulia. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1924 iliwekwa makusudi kupunguza watu wa aina yao. Kabila lililopita katika hayo lina haki ya kushtuka linapoona filamu yake kubwa kuliko zote ni ya wauaji.

Msiba ni kwamba aliyeibeba bendera ya malalamiko hayo alikuwa Joseph Colombo, aliyejulikana kuwa mkuu wa moja ya magenge matano ya New York. Jumuiya yake ya kutetea haki za Waitalia iliwabana watengenezaji mwaka 1971 hadi mtayarishaji Albert Ruddy akakubali neno Mafia lisitamkwe katika filamu, na kweli halitamkwi. Mwezi Juni mwaka huo huo Colombo alipigwa risasi katika mkutano wa hadhara wa jumuiya hiyo. Malalamiko yalikuwa ya haki, lakini yaliwasilishwa na mtu ambaye mwenyewe alikuwa ushahidi wa upande wa pili.

Mchangiaji wa kwanza

Nakubaliana nawe, lakini kwa kuwa umetaja makabila, kuna jambo ambalo sisi Waafrika tunaosema tunaipenda filamu hii tumelifumbia macho. Katika kikao cha wakuu wa magenge, mkuu wa Detroit, Zaluchi, anaeleza kwamba yeye biashara ya dawa za kulevya angeiruhusu miongoni mwa watu weusi pekee, kwa kuwa hao ni wanyama tu na roho zao zikipotea si kitu. Vito, yule ambaye kwa hoja ya mleta mada ni mlango wa wanyonge, anamsikia, na halijibu neno hilo. Bonasera alibisha akafunguliwa kwa sababu alikuwa Muitalia. Sisi tusingefika hata uani.

Mleta mada

Nimeirudia sehemu hiyo jana usiku kabla ya kujibu, na ni kama ulivyoeleza. Ningeweza kujitetea kwamba Coppola aliliweka neno lile makusudi ili tuone heshima ya watu hawa inaishia wapi, na nadhani ndivyo ilivyo. Utetezi huo utamtosha Coppola, ila mimi hautanisaidia. Nimeitazama filamu hii zaidi ya mara kumi, kikao kile nakijua kwa mpangilio wake, nani ameketi wapi na nani anasema baada ya nani, lakini kauli ya Zaluchi sikuwa nayo kichwani hata chembe. Nilikuwa kila mara nasubiri Vito na Tattaglia, mkuu wa genge hasimu, wasimame wakumbatiane.