Kwa nini “impossible”, lakini si “inpossible”?

Mzazi wa Kondele, Kisumu
Hamjambo wanajukwaa. Binti yangu wa Gredi ya 7 amerudi na daftari ambalo maneno yake matatu, “inpossible”, “inlegal” na “unregular”, yamekatwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni pameandikwa “impossible”, “illegal” na “irregular” bila maelezo yoyote. Ameniuliza kwa nini Kiingereza kina viambishi vingi hivyo vya kukanusha, nami sikuwa na jibu. Je, ipo kanuni, au ni mambo ya kukariri tu?

Mwalimu, Nakuru
Mzazi mwenzangu, kanuni ipo, na bintiyo huifuata kila siku bila kujua. Mwambie ataje wingi wa “ubavu”. Hatasema “nbavu”, atasema “mbavu”, kwa sababu n ikikutana na b huvutwa hadi midomoni. Kiambishi awali “in-”, kilichotoka katika Kilatini, kina tabia iyo hiyo: mbele ya p, b na m huwa “im-”, mbele ya l huwa “il-”, na mbele ya r huwa “ir-”. Basi hivyo ni kiambishi kimoja. Cha pili ni “un-”, ambacho ni cha Kiingereza cha asili na hakibadiliki popote kinapowekwa: “unpleasant”, “unlawful”, “unreal”.

Linalobaki la kukariri ni neno lipi linachukua kipi, na hapo hata asili ya neno haitoshi, maana Waingereza husema “unequal” lakini nomino yake ni “inequality”. Ajihadhari pia na “in-” nyingine isiyokanusha. Akiona “inflammable” kwenye lori la mafuta, asidhani kuna usalama. Maana yake ni kitu kinachoshika moto upesi, sawasawa na “flammable”.

Fundi wa simu, Kakamega
Shukrani, Mwalimu. Naomba kuongeza neno ninalokutana nalo kazini, “unlockable”, kwa kuwa lina maana mbili zinazopingana. Ukianza na “lock”, ukatia kiambishi tamati “-able”, unapata kinachofungika. Ukitanguliza “un-” baada ya hapo, unapata kisichofungika. Lakini ukianza na “unlock”, yaani fungua, ndipo ukatia “-able”, unapata kinachofungulika. Herufi ni zile zile, ila mpangilio wa kuunganisha umebadilika.

Kiswahili kimeuepuka utata huo kwa kuweka ukanushi mbele ya mzizi na utenduaji, yaani kutengua tendo lililofanyika, nyuma yake: kisichofungika, kinachofungulika. Kiingereza kimevirundika vyote viwili mbele, tena kwa umbo moja la “un-”.

Mzazi wa Kondele, Kisumu
Nimemjaribu kwa “mbavu”, akaelewa mara moja. Sasa anauliza: ikiwa n mbele ya l humezwa katika “illegal”, mbona wingi wa “ulimi” ni “ndimi”, si “llimi”?

Mwalimu, Nakuru
Mpe hongera, kwa maana hapo ndipo lugha hizi zinapoachana. Katika Kilatini l iliishinda n, ikaifanya kuwa l nyingine. Katika Kiswahili n ndiyo iliyoshinda, ikaifanya l kuwa d. Hata r hupatwa na hayo, ndiyo maana tunasema mtu mrefu lakini njia ndefu.