Naomba ushauri: karatasi ya eko inasema moyo wa mama ni wa kawaida, daktari anasema umenenepa

Binti wa Pasua
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 58, anaishi nami hapa Pasua, Moshi, na ametumia dawa za presha kwa miaka 11. Ana kilo 98 na urefu wa sentimita 160. Mwezi uliopita alipimwa umeme wa moyo, akaambiwa hana tatizo. Wiki hii amefanyiwa eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na majibu yanaonyesha kwamba chemba ya kushoto ya moyo ina gramu 185, yaani gramu 89 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili. Pembeni pameandikwa "kawaida". Jana daktari ameisoma karatasi hiyohiyo, akasema misuli ya moyo imenenepa. Nimeikunja na kuikunjua hadi imeanza kuchanika. Nimwamini nani?

Muuguzi Mstaafu
Marahaba, mwanangu, na pole. Kipimo cha umeme kisikutulize sana. Kwa kigezo cha watafiti Sokolow na Lyon cha mwaka 1949, urefu wa mawimbi fulani kwenye karatasi ya kipimo hicho ukijumlishwa ukafika milimita 35, moyo hushukiwa kuwa umenenepa. Lakini kwa mtu mnene, mafuta ya kifuani huuweka moyo mbali na vibandiko, mawimbi yakafupika, na tatizo likapita bila kuonekana. Kigezo kingine cha kusoma kipimo hicho, kiitwacho Cornell, hakiyumbishwi sana na unene. Tena muulizie mkanda wa kupimia presha, kwa sababu mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba.

Kijana wa Sakina
Kwangu ilikuwa kinyume. Nina kilo 57, ninakimbia kila asubuhi hapa Arusha, na kipimo cha umeme kilidai moyo wangu ni mkubwa. Eko haikukuta kitu.

Mpenda Hesabu
Dada, karatasi na daktari wamegawanya gramu zilezile kwa vitu viwili tofauti. Kwa eneo la mwili, mwanamke huhesabiwa kuwa na tatizo akizidi gramu 95, na mama ana 89. Hata hivyo, eneo la mwili hukua kadiri mtu anavyonenepa, hivyo kigawanyo kinakua na jibu linashuka, kana kwamba unene wenyewe hauuchoshi moyo. Urefu haunenepi, na nadhani daktari amegawanya kwa huo. Mita 1.60 kwa kipeo cha 2.7 ni karibu 3.56, na 185 ukigawanya kwa 3.56 unapata 52, wakati mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2018 unaweka kikomo cha mwanamke kuwa 47. Kwa mama mwenye kilo 98 ningemfuata daktari, ila mwombe akuonyeshe hesabu yake.

Binti wa Pasua
Asanteni sana. Nimempigia daktari, na ni kweli alitumia urefu. Mama anaendelea na dawa zake. Jumatatu tunarudi kliniki, na nitaomba apimwe kwa mkanda mkubwa.